Maswali ya Wasomaji: Laptopu Ikimwagikiwa Chai, Madafu au Maji ya Bahari

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu laptopu zilizolowa. Tumechagua saba. Tunaanza na ya mama wa Tabata, kwa sababu mashine yake bado iko kwenye saa za kuokolewa.

Habari za kazi, mafundi. Jana usiku mwanangu aligonga kikombe cha chai ya maziwa kikamwagikia laptopu ya ofisini, juu ya kibodi. Ilikuwa inawaka. Niliizima, nikaifuta kwa kanga, kisha nikaifukia kwenye ndoo ya mchele kama jirani alivyonishauri. Nisubiri siku ngapi ndiyo niiwashe?
*Mama wawili, Tabata*

Mama, itoe kwenye mchele sasa hivi, na usiiwashe leo wala kesho.

Mchele haufiki ilipo chai. Chai imepenya chini ya kibodi hadi kwenye bodi, yaani ubao mkuu wenye chipu, na bodi imefunikwa pande zote kwa plastiki na chuma. Punje zilizo nje ya ganda hazina namna ya kuvuta kilicho ndani. Zinachoacha ni vumbi la wanga kwenye matundu ya USB na kwenye feni. Halafu tuseme maji yote yamekauka: sukari na maziwa vimekwenda wapi? Vimeganda palepale juu ya bodi. Laptopu inauawa na umeme unaopita ndani ya uchafu huo, na uchafu hautoki kwa kukaushwa. Unatoka kwa kuoshwa.

Umesema uliizima, na hapo ulifanya vizuri. Ila laptopu nyingi za siku hizi betri yake imefungiwa ndani, na hata mashine ikiwa imezimwa zipo njia za umeme za volti 3.3 na volti 5 zinazobaki hai ili kitufe cha kuwashia kiweze kuitika. Kwa hiyo tangu jana chai ile imelala juu ya bodi yenye umeme. Kazi ya kwanza leo ni kuchomoa betri, na mengine yafuate.

Kwa kuwa ni mali ya ofisi, mpigie kwanza anayeshughulikia kompyuta ofisini kwenu. Dhamana ya kawaida ya kiwandani hailipii vitu vilivyomwagika, na mashine nyingi zina vibandiko vyeupe ndani vinavyogeuka vyekundu vikiguswa na maji, lakini baadhi ya ofisi hukata dhamana ya ziada ya ajali na hawapendi mtu mwingine afungue. Mwambie wazi kwamba betri lazima ichomolewe leo, si Jumatatu.

Akikuruhusu, wewe au fundi aliye karibu fanyeni hivi. Laptopu iwe kifudifudi juu ya taulo. Skrubu za mgongoni kwa kawaida ni 8 hadi 12. Bisibisi ya nyota PH0 inafungua nyingi, na baadhi ya mashine zinataka Torx T5. Pekua chini ya miguu ya mpira, mara nyingi skrubu mbili zimejificha humo. Skrubu hazilingani urefu, kwa hiyo chora umbo la laptopu kwenye karatasi na ubandike kila moja mahali pake kwa selotepu. Skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu fupi inasukuma ganda la juu au inagusa bodi, na hiyo ni hasara ya pili juu ya ya kwanza. Ganda liachanishe kwa kadi ngumu ya plastiki ukianzia upande wa bawaba. Kisu kinakata nyaya.

Ukishafungua, tafuta plagi ya betri: waya sita hadi kumi hivi zinazotoka kwenye betri kuingia kwenye bodi. Nyingine zinavutwa kwa mlalo kuelekea betri, nyingine zinanyanyuliwa kwenda juu. Itazame kwanza, kisha itoe kwa ncha ya plastiki, usivute waya. Halafu bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 30 ili umeme uliobaki kwenye kapasita uishe.

Sasa kuosha, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Fundi anachukua spiriti, anapiga brashi, bodi inang'aa, anafunga. Lakini sukari haiyeyuki kwenye spiriti ya isopropili, inayeyuka kwenye maji. Chai yenye sukari, soda, juisi na madafu vinataka maji kwanza na spiriti baadaye. Maji yenyewe yawe yale yasiyo na chumvi, ambayo mjini tunayajua kama maji ya betri, yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za magari. Soma chupa mara mbili: dukani hapohapo kuna asidi ya betri, na asidi ikigusa bodi hakuna kinachobaki. Maji ya bomba na ya kisima yaache, maana visima vingi vya Dar vina chumvi.

Bodi itolewe kwenye ganda, feni na spika zivuliwe. Tumia nusu lita ya maji ya betri na mswaki laini, ukiburuta uchafu kuelekea ukingoni badala ya kuusukuma chini ya chipu. Kisha mimina isopropili ya asilimia 99 juu ya bodi yote, mililita 100 hadi 150 zinatosha, iyafukuze maji yaliyojificha. Maduka ya vifaa vya mafundi simu Kariakoo wanayo. Spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji karibu theluthi, kwa hiyo haifai kwa hatua hii ya mwisho. Tina inayeyusha plastiki ya soketi. Petroli usiikaribishe kabisa.

Bodi ikae mbele ya feni ya mezani saa 24, na kipindi hiki cha masika, ambapo hata nguo za kabatini zinapata unyevu, ipe saa 48. Usiianike kwenye jua la saa saba mchana, wala usiipulizie draya ya saluni: joto lile linakunja vitufe na linasukuma maji ndani ya kioo.

Na kwa msomaji ambaye kikombe ndiyo kwanza kimeanguka: zima swichi ya ukutani, chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 10 bila kujali kazi ambayo hujaihifadhi, chomoa kila kilicho kwenye USB, kisha iweke laptopu kama hema, kibodi ikitazama chini juu ya taulo na kioo kikining'inia ukingoni mwa meza. Usiitikise. Ukiitikisa unasambaza kinywaji ndani.

Laptopu yangu ilimwagikiwa madafu. Niliikausha siku mbili, ikawaka, nikafanya nayo kazi wiki tatu bila shida. Juzi imezima ghafla na haiwaki tena. Mafundi wawili wameniambia haihusiani na madafu kwa kuwa muda umepita. Ni kweli?
*Kaka wa Sinza*

Hapana, kaka. Inahusiana moja kwa moja, na wiki tatu ni muda wa kawaida kabisa kwa kifo cha aina hii.

Maji safi peke yake hayapitishi umeme sana. Madafu yana potasiamu kwa wingi, na chumvi zake ni njia nzuri ya umeme. Yalipokauka yaliacha utando mwembamba usioonekana kwa macho. Hewa ya Dar ina unyevu karibu mwaka mzima, na utando ule unauvuta, hivyo kila usiku bodi inalowa tena kidogo. Sasa weka umeme: pini mbili zilizo jirani, moja ina volti 3.3 na nyingine iko kwenye gilandi, yaani upande wa volti sifuri. Shaba ya upande wenye umeme inayeyuka taratibu, inasafiri ndani ya unyevu, na kujijenga upande wa pili kama mizizi midogo. Umbali kati ya pini za chipu nyingi ni nusu milimita au chini yake. Mizizi hiyo haihitaji kwenda mbali. Ikigusana, shoti. Au njia ya shaba inaliwa hadi inakatika, na mashine inakosa ishara moja ndogo ambayo bila hiyo haiwaki.

Ndiyo maana hatupendi kusikia "mbona inafanya kazi". Kufanya kazi baada ya kumwagikiwa maana yake ni kwamba umeme unaendelea kuila.

Mwambie fundi wa tatu akufungulie mbele yako na aangalie kwa lenzi. Unachotafuta ni unga wa kijani au mweupe, pini zilizopoteza mng'ao na kuwa nyeusi, na kapasita zenye kingo zilizoliwa. Aangalie hasa soketi ya utepe wa kibodi, soketi ya kioo, eneo linalozunguka tundu la chaja, na chini ya vifuniko vya bati vilivyobanwa juu ya chipu, kwa sababu madafu yakiingia chini ya bati hayatoki. Fundi akisema amesafisha lakini hakunyanyua bati, hajasafisha.

Akikuta kutu, mswaki na spiriti havitoshi. Kutu ya kijani inakwanguliwa, sehemu inapitishiwa fluksi na bati jipya la kulehemu, na njia iliyokatika inaunganishwa kwa waya mwembamba kama unywele, kisha kuoshwa upya. Mashine ya kuoshea kwa mitetemo, ile wanayotumia mafundi simu, inasaidia sana kufika chini ya chipu. Dakika 3 hadi 5, betri ndogo ya saa ikiwa imetolewa. Muombe akurudishie kila kifaa alichobadilisha. Fundi mzuri hachukii ombi hilo.

Shikamooni. Nilimwaga soda kwenye laptopu ya chuo. Sasa herufi moja inajiandika yenyewe mfululizo, na kundi la herufi nyingine halifanyi kazi kabisa. Nimejaribu kubandua vitufe na kufuta kwa spiriti, hakuna mabadiliko. Je, ni bodi?
*Mwanafunzi, Ubungo*

Marahaba. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ni kibodi peke yake, na hiyo ni habari njema.

Chini ya vitufe kuna karatasi tatu za plastiki zilizobandikana. Ya juu na ya chini zimechorwa njia nyembamba za umeme, ya katikati ina matundu ya kuzitenganisha. Ukibonyeza kitufe, ya juu inagusa ya chini kupitia tundu. Soda ikiingia kati ya karatasi hizo, sukari inazigandisha zigusane muda wote, ndiyo herufi inayojiandika. Na kwa kuwa vitufe vimepangwa kwa mistari na safu zinazotumia njia za pamoja, njia moja ikiliwa unapoteza herufi kadhaa kwa mpigo, mara nyingi zisizokaa pamoja kwenye kibodi. Kubandua vitufe hakukufikishi kwenye karatasi hizo. Kunavunja vishikizo tu.

Jaribio lake ni rahisi. Fungua mgongo, chomoa betri, chomoa utepe wa kibodi: kilango chake kidogo ama kinanyanyuliwa kama kope ama kinasogezwa nyuma nusu milimita, usiulazimishe. Rudisha betri, chomeka kibodi ya nje ya USB, washa. Herufi zikiacha kujiandika, bodi yako ni nzima na unahitaji kibodi mpya. Zikiendelea, kuna uchafu ndani ya soketi ya utepe au kwenye chipu inayosoma kibodi.

Angalizo moja: kwenye mashine nyingi kitufe cha kuwashia ni sehemu ya kibodi. Ukichomoa utepe huwezi kuiwasha, na mtu anaweza kudhani ameiua. Iwashe kwanza ikae kwenye ukurasa wa mipangilio ya awali (BIOS), uone kama herufi zinajiandika hata humo. Zikijiandika kabla Windows haijapakiwa, tatizo si programu.

Unaponunua, peleka kibodi ya zamani au namba iliyo mgongoni mwake. Laptopu mbili za jina moja zinaweza kuwa na utepe wenye upana tofauti. Uliza pia kama ya kwako imefungwa kwa skrubu au imebanwa kwa vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa. Za namna ya pili zinabanduliwa kichwa kimoja kimoja, hamsini na zaidi, na mara nyingi ni nafuu kununua ganda lote la juu lililokwisha fungwa kibodi.

Baada ya maji kuingia, laptopu inawaka lakini betri haichaji, na imekuwa nzito mno. Chaja nimebadilisha mbili. Ni ya pini nene, ile ya mviringo.
*Mfanyabiashara, Mbagala*

Chaja za Dell na HP za mviringo zina pini nyembamba katikati. Pini hiyo haileti umeme wa kuendesha mashine. Inaiambia laptopu chaja ni ya wati ngapi. Maji yakiharibu njia yake, mashine inapata volti zake 19.5 kama kawaida lakini haimtambui anayeileta, basi kwa tahadhari inakataa kuchaji betri na inapunguza kasi ya prosesa. Dalili zako mbili zinatokana na jambo moja.

Tundu la chaja kwenye mashine nyingi ni kipande cha peke yake chenye waya na plagi, si la kulehemu. Libadilishwe, na soketi linapochomekwa kwenye bodi ioshwe kwa brashi na isopropili. Likishindikana, kagua njia ya waya wa katikati hadi kwenye chipu ya kuchaji.

Wenye chaja za USB-C wanapata dalili tofauti, na kwao kuna kifaa kidogo kinachostahili kununuliwa: kipimo cha USB-C kinachochomekwa kati ya chaja na laptopu. Chaja huanza kwa volti 5, kisha laptopu huomba zaidi, kwa kawaida 20. Kipimo kikibaki kwenye 5 na ampia karibu na sifuri, mazungumzo hayajafanyika: safisha tundu, geuza waya upande wa pili, jaribu tundu jingine. Kikifika 20 na ampia zikabaki sifuri, umeme umeingia lakini bodi haianzi. Kikipanda 20 na kushuka 5, kikapanda tena na kushuka, mara nyingi kuna shoti mbele na chaja inajikinga, usiendelee kuilazimisha.

Nina picha za harusi za wateja watatu kwenye laptopu iliyolowa. Mashine si muhimu, picha ndizo. Nifanyeje?
*Mpiga picha, Mikocheni*

Usimpe mtu yeyote aiwashe "kuona kama inakubali". Chomoa betri, toa diski, mambo ya mashine yasubiri.

Kama ni SSD ya kipande chembamba kama chingamu, kaza macho kwenye meno yake: yenye mkato mmoja kwa kawaida ni NVMe, yenye mikato miwili mara nyingi ni SATA. Nunua kasha la USB linalosoma aina yako, au linalosoma zote mbili. Kabla ya kuichomeka ioshe kwa isopropili, iache saa kadhaa ikauke, kagua kwa lenzi. Ukiichomeka kwenye kompyuta nyingine, nakili picha kwanza bila kufungua wala kupanga chochote.

Diski ya zamani inayozunguka ni mgeni mwingine: ina tundu dogo la kupumulia, spiriti na maji visipite hapo. Safisha bodi yake ya kijani tu. Kama ilizama kabisa, iache kwa wataalamu wa kuokoa data.

Windows inaweza kukudai funguo ya BitLocker, kufuli lake la data, tarakimu 48. Wengi hawajui kwamba mashine yao imefungwa hivyo tangu siku waliyoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ingia kwenye akaunti hiyo kwa simu leo, uitafute na uiandike kabla hujafungua hata skrubu moja. Bila funguo hiyo hakuna fundi, wa Kariakoo wala wa ng'ambo, atakayefungua.

Kwa MacBook za kuanzia 2018 diski imelehemiwa kwenye bodi na data imefungwa kwa chipu ya bodi hiyohiyo. Hapo hakuna cha kuchomoa: ili picha zipatikane, bodi yenyewe ifufuliwe. Kwa hiyo mkatalie fundi anayetaka "kubadilisha bodi", maana atakubadilishia na picha.

Wimbi lilinirushia maji kwenye pantoni ya Kigamboni, begi likalowa na laptopu ndani. Imekauka yenyewe. Naona nyeupe kwenye matundu.
*Msomaji, Kigamboni*

Nyeupe hiyo ni chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35, na chumvi haitulii: inavuta unyevu wa hewani na kulowa upya. Kwa bahari tunahesabu saa, si siku. Chomoa betri, toa bodi, ioshe kwa maji ya betri mara tatu ukibadilisha maji kila mara, halafu isopropili. Hata kama ilikuwa imezimwa. Plagi ya betri yenyewe ndiyo huoza ya kwanza, ikaguliwe pini kwa pini. Betri usiioshe, ifute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, na ukiona imevimba, imetoa harufu tamu ya ajabu au ina kutu kwenye mdomo, usiichaji tena. Iweke kwenye sakafu ya zege mbali na vitu vinavyoshika moto, usiitoboe wala kuitupa kwenye pipa la taka la mtaa, ipeleke kwa wanaopokea taka za kielektroniki.

Shikamooni walimu. Najifunza ufundi. Nina bodi iliyomwagikiwa, nimeiosha vizuri, bado haiwaki. Nikipima koili kubwa karibu na prosesa napata omu 1 hadi gilandi. Nimehitimisha kuna shoti kwenye prosesa. Niitupe?
*Fundi chipukizi, Gongo la Mboto*

Marahaba, usiitupe. Koili za prosesa huwa na omu ndogo kwa asili yake. 1, 2, wakati mwingine hata chini ya 1, na bodi ikiwa nzima kabisa. Kosa hili limepeleka bodi nyingi njema jalalani.

Anza mlangoni. Betri na chaja zikiwa nje, pima njia kuu ya volti 19 hadi gilandi. Inatakiwa ikupe mamia au maelfu ya omu. Ukipata chini ya omu 5, shoti yako iko hapo. Kisha pima koili za volti 5 na 3.3, makumi ya omu au zaidi ni dalili njema. Pima pia fyuzi ndogo za njia ya betri na ya kioo. Fyuzi iliyokatika iliungua kwa sababu fulani, kwa hiyo tafuta sababu. Usiiunganishe kwa waya.

Kama njia ya 19 ina shoti, kabla ya kuipa umeme hakikisha mosfeti za juu za prosesa (swichi ndogo zinazopitisha umeme kwenda kwenye koili zake) hazijatoboka, yaani hakuna muunganiko kati ya njia ya 19 na koili za prosesa. Ikiwepo, volti 19 zinaingia kwenye prosesa inayoishi kwa volti 1, na hapo ndipo utaiua kweli. Ikiwa salama, chukua pawasaplai ya mezani, weka volti 1, ampia 1, gusisha njia ya 19 na gilandi. Usiongeze volti, ongeza ampia taratibu hadi 2 au 3. Tandaza isopropili nyembamba juu ya eneo hilo na utazame kwa taa ya pembeni. Itakauka kwanza juu ya kimoja: duara dogo linafunguka, kama tone juu ya kikaango cha chapati, wakati jirani zake bado zinang'aa kwa unyevu. Mara nyingi utakuta ni kapasita ya kauri. Itoe kwa hewa moto, pima upya. Shoti ikiondoka, weka nyingine ya thamani ileile, ya volti 25 au zaidi kwa njia ya 19.

Jaribio la kwanza lifanye bila betri, bila SSD, na RAM moja tu, kwa chaja peke yake, kidole kikiwa kwenye swichi ya ukutani. Ikitoa taa na feni ikazunguka lakini kioo cheusi, mulika tochi ya simu juu ya kioo kwa mshazari. Ukiona picha hafifu, prosesa iko hai na kinachokosekana ni mwanga wa nyuma: fyuzi yake, au pini za utepe wa kioo. Na utepe huo usiuchomoe kamwe betri ikiwa imechomekwa. Pini ya umeme wa mwanga imekaa jirani na pini za picha, na kuteleza mara moja kunaunguza kile ulichookoa kwa siku nzima.